Barua Pepe Isiyo na Rangi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Nilikaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya sacco moja ya akiba na mikopo mjini Nakuru, kazi yangu ikiwa kulinganisha sahihi ya mtu na ile aliyoiacha kwenye kadi siku ya kujiunga. Wateja walinichukia. Mtu anakuja ametoka mazishini, mkono unamtetemeka, nami namwambia aandike tena. Waliniita majina mengi, lakini mjanja aliyepita mbele yangu akafika nje akicheka simjui. Nilipostaafu nilirudi nyumbani na tabia ileile, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kukagua isipokuwa mume wangu.

Kwa hiyo nilipomwona mume wangu, mtu ambaye huanika majani ya chai ili ayachemshe mara ya pili, akimlipa mtu ampambie barua pepe, nilijua kuna jambo. Nilitaka kujua jambo hilo ni lipi. Nilikuwa tayari kulijua hata kama lingenivunjia ndoa.

Tunaishi Lanet, nje kidogo ya Nakuru, na biashara yetu ni ya kuangua vifaranga. Mume wangu alikuwa mwanajeshi, karani wa stoo pale kambini, na kwa maisha yake yote ya kazi hakuna karatasi iliyotoka mlangoni kwake bila yeye kuisoma na kuitia sahihi. Alipostaafu tulinunua mashine ya kuangulia, tukaiweka chumba cha nyuma kilichokuwa cha watoto. Tuligawana kazi. Mimi nilishika mayai, joto la mashine na kupiga barua. Yeye alishika kuendesha pikapu, kuchambua vifaranga wenye miguu mibovu, na kazi moja aliyoipenda kuliko zote, ambayo sisi wawili tuliiita kupitisha.

Kupitisha kulikuwa hivi. Nikimaliza kuandika barua kwa mteja, sibonyezi kitu. Namwita. Anakuja, anavuta kiti, anavaa miwani, anasoma pole pole kutoka juu hadi chini, halafu anasema, "Iko sawa. Tuma." Hapo ndipo natuma. Niliukubali utaratibu huo kwa sababu mtu aliyezoea kupigiwa saluti lazima aachiwe kitu cha kuamrisha, na ilikuwa afadhali aamrishe barua kuliko kuniamrisha mimi.

Barua muhimu zilikuwa za mtu mmoja, mwenye duka la agroveti mjini, la dawa na chakula cha mifugo. Ukoo wake ulitoka India zamani za reli, lakini yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Nakuru na Kiswahili chake ni cha hapahapa. Alichukua zaidi ya nusu ya kila mzao wetu. Hakutaka simu wala WhatsApp. Alitaka barua pepe, aichapishe, aitie kwenye faili, kwa sababu kuna mtu aliwahi kumuuzia hewa kwa njia ya simu. Kabla vifaranga hawajatoka tunamwandikia: watatoka siku fulani, wako wangapi, wamepata chanjo gani. Naye anajibu, na siku hiyo gari lake linafika mapema. Kifaranga akishatoka kwenye yai hana subira ya mtu. Asipopata mnunuzi upesi ni chakula, joto na vifo, na bila mwenye agroveti hatukuwa na biashara, tulikuwa na kelele tu chumba cha nyuma.

Siku moja baada ya chakula cha mchana mume wangu akasema, "Hizi email zetu, mama, ni kama tunaomba kazi."

Nikamuuliza zina kasoro gani.

"Hazina uso. Kampuni zingine zinatuma kitu kiko na rangi, kiko na kichwa kikubwa, mtu akifungua anajua ni watu wa maana. Sisi ni maneno madogo madogo tu."

Kumbe alikuwa ameshampata mtu wa kuzipamba, binti mmoja anayechora matangazo kwenye jengo la ghorofa karibu na soko. Baada ya siku chache alikuja na kazi yake kwenye simu. Kichwa kilikuwa cha kijani kibichi, herufi kubwa kama za kibao cha barabarani. Siku ya kuchukua vifaranga ilikuwa ndani ya boksi jekundu. Chini kabisa palikuwa na muhuri wetu wa mpira, uliopigwa picha ukabandikwa, rangi yake ya zambarau, maana kwetu karatasi isiyo na muhuri hata mwenyewe huiamini nusu. Katikati alikaa kifaranga mnene wa manjano ambaye sijawahi kumwangua.

"Huyu si wetu," nikasema.

"Ni wa mfano."

Sipendi vitu vya mfano. Lakini yeye alifurahi kupita kiasi. Alinyoosha mkono, akaishika simu mbali, akasoma kwa sauti: "Vifaranga wako tayari!" Akarudia mara ya pili. Mimi sikumsikiliza sana. Nilikuwa nikitazama pembeni, pale binti alipoandika namba yake ya simu kwa herufi za kupinda, nikijiuliza kwa nini barua ya kuku iwe na namba ya msichana.

Tukaituma hivyo kwa mwenye agroveti. Siku ya mzao ikafika, vifaranga wakakauka, tukawapanga kwenye maboksi yao yenye matundu. Gari halikuja. Saa zikaenda, jua likapanda, wakaanza kulia kwa ile sauti yao inayopenya ukuta. Nikapiga simu.

"Mama, email yako nimeona," mwenye agroveti akasema. "Iko box moja nyeupe na msalaba kidogo. Maneno hakuna. Nimefuta."

"Ni picha, haikufunguka. Maneno yako ndani ya picha."

"Picha ya nini? Mimi nataka kuku, sitaki kalenda." Akavuta pumzi, akaniambia kisa chake. Aliwahi kupokea barua pepe iliyojifanya imetoka kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo, imepambwa vizuri kuliko ya benki, akaiamini, akaumia. "Tangu hiyo siku, kitu yoyote ya rangi mimi nafuta. Mtu ako na neno la kusema, aseme. Mama, ukiniletea maua tena, natafuta mtu mwingine. Si vita. Ni vile nimechoka."

Dereva wake alikuwa ameshaenda Njoro. Tulipakia maboksi kwenye pikapu, nikaendesha mimi, tukaenda kuwauza mtaa wa Free Area kando ya barabara, wachache wachache, kwa watu waliotaka wawili wa kufugia jikoni. Waliobaki walipigwa na joto na wengi walikufa mikononi mwangu. Nililia, na nilikuwa nalia kwa hasira, sitasema uongo kwamba ni kwa huruma.

Nikafikiri mambo yameisha. Mteja amesema anataka maandishi matupu, basi apewe maandishi matupu. Mume wangu akakataa.

"Tumfundishe kufungua picha," akasema.

"Tumfundishe? Yeye ndiye ananunua!"

"Basi tutume zote mbili. Ya rangi na hiyo yako."

"Atafuta zote mbili."

"Mimi siwezi kupitisha hiyo yako." Alisema hivyo akatoka nje, akaenda kusimama karibu na tangi la maji, akanipa kisogo.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaunganisha. Mtu ambaye maisha yake yote alitii amri, leo anambishia mteja aliyetushika mkono. Kwa nini? Nikakumbuka kwamba siku hizi hataki kuendesha pikapu, anasema mgongo, anapanda boda kwenda mjini. Nilijua maana ya hilo: pikapu ikiegeshwa mahali watu wanaiona, bodaboda haina jina. Nikakumbuka anavyoishika simu siku hizi, mbali na uso, ameipindisha upande, mimi nikipita anaizima. Kanisani alikuwa msomaji wa somo la kwanza miaka nenda miaka rudi, na sasa amejitoa bila sababu. Mwenye dhambi hapendi kusimama mbele ya watu, nikajiambia. Hata kuchambua vifaranga aliniachia mimi, mawazo yake yalikuwa kwingine. Kila nililolitazama lilikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikuwa linakaa kwenye jengo la ghorofa karibu na soko.

Siku aliyosema anaenda kuulizia bei ya maranda ya mbao nilimfuata. Niliacha boda yake itangulie, nikapanda yangu. Aliingia lile jengo. Nikamngoja apotee kwenye ngazi, nikamwendea soja, yule mlinzi wa mlangoni.

"Boss, huyo mzee wa kofia ameenda wapi?"

"Juu huko, mathe. Huyo ni mtu wa hapa, anakujanga."

Anakujanga, yaani huja kila mara. Nilivuka barabara nikasimama kwenye kivuli cha duka la viatu. Alikawia. Aliposhuka alikuwa ameshika ukuta, anateremka kipandio kimoja kimoja kwa uangalifu, akavuka upande wangu, akaja moja kwa moja kunielekea. Sikujificha. Nilitaka anione. Nilisimama katikati ya njia, nikiwa na leso yangu nyekundu kichwani ambayo yeye mwenyewe alininunulia, nikamkazia macho. Akanipita. Alipita karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika shati, akasema "Pole, mathe," kwa sauti ya kumwambia mtu asiyemjua, akaenda zake.

Katika maisha yangu sijawahi kudharauliwa namna ile. Angekimbia ningemwelewa. Lakini kunitazama usoni na kujitia hamnazo, kuniita mathe kama muuza ndizi, hilo lilinichoma. Nilirudi Lanet, sikusema neno, nikapika, nikampakulia. Nilikuwa nimeshakata kauli kwamba nitamkamata kwa njia yangu.

Mayai yalikuwa yanakaribia kuanguliwa na mwenye agroveti alikuwa anangoja barua. Asubuhi nilikaa kwenye kompyuta nikaandika barua isiyo na rangi, isiyo na boksi, isiyo na kifaranga wa mfano. Nilimsalimu mwenye duka. Nikamwambia vifaranga watakuwa tayari Ijumaa asubuhi. Halafu katika mstari wa tatu, mahali pa habari ya chanjo, nikaandika hivi: Mume wangu ana mwanamke mjini na anadhani mimi ni mjinga. Nikaendelea na idadi ya maboksi na shukrani, nikamalizia vizuri.

Nilitaka kuuona uso wake akifika pale. Uso haudanganyi, hilo kaunta ilinifundisha. Nikamwita aje kupitisha.

Alikuja shingo upande. Alivuta kiti, akavaa miwani, akainama kwenye skrini. Nilisimama upande ili nimwone vizuri. Macho yake yalikwenda kushoto, yakaja kulia, yakashuka kidogo, yakaenda tena. Nilihesabu mistari pamoja naye. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Hakuna kilichotingishika, hata kope. Akashuka mpaka chini, akakaa nyuma kwenye kiti.

"Iko sawa," akasema. "Tuma."

Nikamuuliza, "Umesoma yote?"

"Nimesoma."

"Na mstari wa tatu umeuonaje?"

Akafikiri kidogo, kama mwalimu anayetafuta maksi za kutoa. "Huo ndio mzuri kabisa. Usiuguse."

Niliipiga meza hadi kikombe kikaanguka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia angalau angekuwa na aibu, kwamba mtu ananicheka nikiwa nimesimama mbele yake, kwamba alinipita mjini kama takataka. Yeye alikaa mikono juu ya magoti, uso umegeukia inakotoka sauti yangu, na nilipomaliza akauliza kwa sauti ndogo sana, "Nilikupita wapi?"

Aliuliza kwa dhati. Nilijua kwa sababu alikuwa ameogopa.

Niligeuza kompyuta imkabili. "Soma," nikasema. "Kwa sauti."

"Kwa nini nisome na wewe ndiye umeandika?"

"Soma neno moja tu. Lolote."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Aliinama hadi pua ikakaribia kioo. Niliona macho yake yakienda kushoto na kulia, yaleyale niliyoyahesabu, yakifuata kitu ambacho hakikuwapo. Nikachukua simu, nikafungua ile barua ya binti, nikaiweka mbele yake. Papo hapo akasema, "Vifaranga wako tayari." Akanyoosha kidole kwenye boksi jekundu. "Hapa ni siku. Hapa ni muhuri." Kisha akakiondoa kidole, kwa kuwa alikuwa ameelewa nilichokuwa nafanya.

"Za rangi naziona," akasema. "Kichwa kikiwa kikubwa najua ni kichwa. Hiyo yako ni ukungu. Ni ukungu yote, mama."

Ilikuwa presha ya macho. Kliniki ya macho iko ghorofa moja juu ya yule binti, na mume wangu alikutana na binti mwenyewe kwenye ngazi siku alipokosea mlango. Alimwambia tu afanye herufi kubwa, wateja wetu ni wazee. Dawa za matone alizificha ndani ya buti lake la jeshi. Daktari alimwambia yaliyopotea hayarudi, ni kujaribu kushika yaliyobaki. Nilimuuliza ni tangu lini, akasema pikapu ilipomgonga mbuzi wa jirani. Mimi siku hiyo nilimwambia alikuwa anaota mchana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniondoa kwa kazi."

"Kazi gani?"

"Kupitisha," akasema. Nilikaa chini sakafuni karibu na kiti chake. Nilimshika goti. Nilisikia aibu, na nilisikia nafuu ya kwamba hakuna mwanamke, na nafuu hiyo ilinitia aibu zaidi.

Baadaye niliinuka, nikaufuta ule mstari, nikaandika habari ya chanjo mahali pake, nikaituma barua ikiwa tupu kama mwenye duka alivyotaka. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Mume wangu alisikia mlio wa kompyuta.

"Amesemaje?"

Nikamsomea: "Sawa mama. Hii nimesoma. Ijumaa gari inakuja."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Alitikisa kichwa, ameridhika. Tulikuwa tumempata mteja wetu tena. Nikadhani atainuka, lakini alibaki amekaa, akipapasa ukingo wa meza kwa vidole.

"Na ile yetu," akasema, "mstari wa tatu ulikuwa unasema nini?"

Nilikuwa mbele ya skrini. Ule mstari haukuwapo tena popote. Nikasoma, bila kuchelewa hata kidogo, "Vifaranga wote wamepata chanjo na karatasi yake itakuja na maboksi."

"Hapo ndipo ulikasirika?"

"Nilikasirika kwa sababu hukuwa unasoma."

Akaacha kupapasa meza. Halafu akageuza uso upande wangu, akanitafuta, akakosea kidogo, akatulia akitazama mahali karibu na bega langu.

"Hivyo ndivyo uliandika," akauliza, "ama hivyo ndivyo unanisomea?"

Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyoandika. Niliona akitaka kuniamini na akishindwa, na kwenye nyumba nzima hakukuwa na kitu ambacho ningeweza kumwonyesha.